Kupiga deki kunaozesha makabati yetu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo linaloniuma kila masika yanapoingia. Mimi ni seremala, karakana yangu ipo Keko. Nilishika randa kwa mara ya kwanza mwaka 1987 nikiwa chini ya mjomba wangu, Mungu amrehemu. Siku hizi vijana ndio wanaotengeneza makochi na vitanda vipya vinavyopangwa kando ya barabara. Mimi naletewa vilivyochoka. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa ni yale ninayoyaona kila nikilipindua kabati la mtu na kulitazama chini.

Wiki mbili zilizopita alikuja mama mmoja mtu mzima kutoka Magomeni, kabati lake la vyombo likiwa limefungwa kamba juu ya guta. Nilimwamkia, akaitika marahaba, halafu akasema kwa unyonge: "Fundi, hili limeshazeeka. Marehemu baba yenu alilinunua mwaka tuliohamia. Kama unaweza kukata miguu ukaweka mingine, sawa. Kama huwezi, lichukue tu utumie mbao."

Nikawaita vijana tukalilaza chali. Mninga mtupu: milango, mbavu, hata sehemu za nyuma za droo. Nikaligonga ubavuni kwa kifundo cha kidole, likalia vizuri. Lakini miguu yote minne, kutoka chini hadi urefu wa vidole vinne, ilikuwa imelainika. Patasi niliizamisha kwa kuisukuma na kiganja, bila nyundo, ikatoka na nyuzinyuzi nyeusi zilizolowa.

"Mama, kwako mnapiga deki mara ngapi?"

"Kila asubuhi, mwanangu. Na jioni, wajukuu wakishachafua."

"Basi mama, kabati halijazeeka. Limelowa."

Alinyamaza, akaushika mguu mmoja akauminya, kisha akaniuliza: "Sasa nisisafishe nyumba?" Swali hilo ndilo lililonikalisha kuandika barua hii, maana ni swali la haki. Sisi watu wa Dar es Salaam tunapenda sakafu inayong'aa. Mchanga unaingia, vumbi linaingia, na mgeni akikuta sakafu haijapigwa deki mwenye nyumba anaona aibu. Simlaumu mama yule hata kidogo. Nataka tu tuelewe maji yanakwenda wapi baada ya deki.

Mbao, hata ikiwa kavu namna gani, ndani imejaa mirija midogo sana iliyolala kwa urefu wa mti. Mti ulipokuwa hai, mirija ya namna hiyo ndiyo iliyopandisha maji kutoka kwenye mizizi. Ukitengeneza mguu wa kabati, mirija inasimama wima na midomo yake inagusa sakafu. Maji ya deki yakitulia pale hata dakika chache, yanapanda. Juu mguu umepigwa vanishi, kwa hiyo hayapati pa kutokea upesi, na kesho asubuhi yanaongezwa mengine. Kiini cha mninga kinasifika kwa kuvumilia kuoza na mchwa, na sifa hiyo ni ya kweli. Ila kulowa kila siku kwa miaka 30 ni mtihani ambao hata mninga unaushindwa.

Na kosa la kwanza ni letu mafundi. Tunapiga vanishi pande zote zinazoonekana, halafu uso wa chini wa mguu, ule unaokanyaga sakafu, tunauacha mtupu kwa sababu mteja hauoni. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo kwa miaka mingi na nawaomba radhi wote niliowauzia. Leo hakuna kitu kinachotoka mikononi mwangu kabla sijakilaza na kukinywesha vanishi miguuni mara tatu, nikiacha kila mkono wa vanishi ukauke kabisa. Mwenye kabati nyumbani anaweza kufanya vivyo hivyo. Lilaze siku za jua, acha miguu ipigwe na upepo wiki mbili, kisha ipake vanishi chini. Halafu kata kandambili iliyokwisha, vipande vinne vinavyotoshana na miguu, uvigandishe. Kandambili hainywi maji. Deki likamuliwe vizuri, liishie shubiri moja kabla ya samani, na pale palipobaki papitishwe kitambaa kikavu. Mama wa Magomeni nilimwonyesha hivyo palepale karakanani, akasema kumbe ni kazi ya dakika mbili.

Kuna na ule usafi wa kufuta meza kwa kitambaa kinachochuruzika maji ya sabuni. Gundi nyeupe tunayotumia mafundi wengi inashika sana ikiwa kavu, lakini maji yakiingia kwenye maungio inalegea. Kiti kinaanza kucheza, watu wanakipigilia msumari, msumari unapasua mbao, na hapo ndipo kinapoletwa kwangu. Kiti kikianza kucheza msikipigilie msumari. Kinafunguliwa, gundi ya zamani inakwanguliwa, kinapakwa mpya na kubanwa usiku mzima. Ni kazi ndogo ikiwahi.

Sasa niseme habari ya milango inayokwama, kwa sababu kila Aprili napigiwa simu nyumba kwa nyumba. Mbao haitulii hata ikishakuwa kabati. Hewa ikiwa na unyevu inavimba, hewa ikikauka inasinyaa, na inavimba zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Hapa kwetu pwani, mvua za Machi hadi Mei zinaufanya mlango wa kabati unenepe hadi ugombane na fremu. Fundi mwenye njaa ya kazi anakuja na randa, anakwangua, mlango unafunga, analipwa, anaondoka. Ikifika Julai na upepo wa kusi, mlango umesinyaa na unaona mwanga kwenye upenyo alioukata. Huo upenyo haurudishiki. Mlango unaokwama Aprili usirandwe Aprili. Upake nta kidogo pale unapogusa, uvumilie, na ukifika Agosti bado unakwama, hapo ndipo mwite fundi.

Mhariri, nitakueleza kosa langu moja ambalo silisahau. Mwaka 1994 nililetewa kasha la njumu, msaji mzito, misumari ya shaba imepangwa kwa maua upande wa mbele, na ndani lina kidroo cha siri ambacho mwenyewe alinionyesha kwa fahari. Babu yake alikuja nalo kutoka Unguja. Alitaka liwe jipya kwa sababu ya harusi. Basi nikang'oa misumari, nikapiga msasa mkali, nikapiga msasa laini, nikaisugua shaba hadi ikawaka, nikapiga vanishi mikono mitatu. Liling'aa kama limetoka dukani. Mteja alifurahi akaniongezea pesa. Mjomba alipopita jioni aliweka kiganja juu ya kifuniko, akakiacha hapo muda mrefu, akasema: "Umelivua ngozi." Kisha akaenda zake.

Nilikuja kuelewa baadaye. Ile rangi nzito ya hudhurungi niliyoikwangua kwa siku mbili ilikuwa imewekwa na mikono ya watu, moshi wa udi na mwanga wa miaka karibu mia. Hakuna kopo la dukani lenye rangi hiyo. Matundu ya misumari niliyong'oa yalipanuka, kadhaa ikabaki inacheza hadi leo. Kwa hiyo nikiletewa kitu cha zamani sasa, msasa haugusi uso wake. (Vijana wengi hawajui kuwa msasa ni mti, majani yake yanakwaruza kama karatasi ile, na wazee walilainishia mbao kwa majani hayo kabla karatasi haijafika.) Nakifuta kwa brashi laini, kisha kitambaa cha pamba kilichokamuliwa sana, kisha kikavu, halafu nta. Shaba nayo naiacha ilivyo, maana dawa nyeupe ya kung'arishia ikiingia kwenye mbao inakauka kama chokaa na haitoki.

Nta ninayotumia ni ya nyuki, ile inayokuja na wafanyabiashara wa asali wa Tabora na Singida. Naiparua kwa kisu, nachukua gramu 100, naweka kwenye kopo safi, na kopo naliweka ndani ya sufuria ya maji ya moto hadi nta iyeyuke. Hapo nalitoa nje, mbali na jiko, mbali na sigara, ndipo namimina tapentaini mililita 200 nikikoroga. Tafadhali wasomaji wasiichemshe tapentaini jikoni. Inashika moto kwa mvuke wake tu. Wala wasitumie thina badala yake, itakula vanishi ya zamani. Nta hiyo ikipoa inakuwa laini kama samli. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, paka kidogo sana, subiri nusu saa, sugua kwa kitambaa mpaka mkono usihisi mnato. Mara mbili kwa mwaka zinatosha. Wapo wanaopaka mafuta ya nazi, na najua ni mazoea ya bibi zetu, lakini mafuta ya nazi hayakauki juu ya mbao. Yanabaki na unyevunyevu wake, yanakusanya vumbi, na mwisho kabati linakuwa jeusi lenye kunata.

Vyombo vya jikoni sivipaki nta yenye tapentaini. Mwiko, upawa, kinu na mbuzi vinataka kuoshwa upesi na kukaushwa vikiwa vimesimama penye upepo. Mwiko uliolala usiku kucha kwenye karai la maji ndio unaopasuka.

Kuhusu wadudu wanaotoboa mbao, tusiogope kila tundu. Tundu lisilotoa kitu huenda ni la zamani na mdudu alishaondoka. Tandika kitambaa cheusi chini ya kitu hicho, usikisogeze, subiri wiki moja. Ukikuta unga mweupe laini kama sembe, bado wamo. Kwenye mninga mara nyingi wanakula ule ukingo mweupe wa nje ya mti, kiini chekundu wanakiacha. Anayenunua kitanda kipya afunue godoro atazame chaga. Akiona mistari myeupe mipana, huko ndiko unga utakakoanzia. Nawaomba sana watu wasipake oili chafu ya magari ndani ya makabati ili kuua wadudu. Hiyo tumezoea kuipaka mbao za kenchi juu ya dari. Kwenye kabati la nguo au la chakula harufu na sumu yake hazitoki tena. Kama wadudu ni wengi, dawa ya mbao ipitishwe kwa bomba la sindano tundu kwa tundu, nje ya nyumba, mkono una glovu.

Niliyobaki nayo kidogo ni ya mke wangu. Yeye ni mtu wa Rufiji, amesuka ukili, ile mikanda ya majani inayoshonwa kuwa mkeka, tangu utotoni, na aliposikia naandika kuhusu makabati aliniambia nisithubutu kuiacha mikeka na vikapu. Ninaandika kama alivyonieleza.

Mkeka wa ukindu hauoshwi kwa sabuni ya unga na kuanikwa juani kama shuka. Jua la saa sita linafifisha rangi za chane na kuufanya ukindu uwe mkavu wa kuvunjika. Unakung'utwa, unafagiliwa pande zote mbili kwa ufagio laini, unafutwa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha unakaushwa kivulini penye upepo. Ukiuhifadhi, viringisha, usikunje, kwa sababu pale pa kunja ndipo ukili unapokatika. Ukingo ukianza kufumuka, ushonwe siku hiyo hiyo kwa uzi wa mwaa, jani la kusukia. Nailoni ni ngumu kuliko ukindu. Ukivuta, nailoni inabaki na ukindu unakatika. Mimi kama seremala jambo hilo nililielewa haraka, maana ndiyo sababu sipigi msumari wa chuma kwenye kiti chembamba.

Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, vikapu vimerudi mikononi mwa watu, na vile vya nyasi za milulu vya Iringa vinapendwa sana hapa mjini. Mke wangu anafurahi kuviona, kisha anasikitika akiviona vimebeba kilo 10 za viazi kwa mshikio mmoja. Kikapu kizito kishikwe kwa chini. Kikiwa nyumbani kisirundikwe vikapu vingine juu yake. Kijazwe kanga kuukuu ndani kisipoteze umbo. Kisijazwe magazeti, Mhariri, uniwie radhi, kwa sababu wino unahamia kwenye milulu. Na kisifungiwe ndani ya nailoni kwa miezi: unyevu wa Dar es Salaam ukinaswa humo unazaa ukungu. Ukungu ukishatokea, usilowanishe kikapu. Kitoe nje kivulini, kiache kikauke kabisa, jifunge kitambaa puani, kisha upanguse kwa brashi kavu kuelekea kule upepo unakokwenda. Kikirudi ndani kikae shubiri moja kutoka ukutani ili hewa ipite.

Kuna njia ya kuua wadudu wa vikapu ambayo watu hawaniamini ninapowaambia, na wanaofanya kazi ya kuhifadhi vitu kwenye makumbusho duniani wanaitumia miaka mingi. Ni friza. Kikapu kikavu kinafungwa ndani ya nailoni nzito, hewa inaminywa itoke, mdomo unazibwa kwa selotepu, kinawekwa kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri wiki mbili bila kufunguliwa. Umeme ukikatika kutwa nzima, anza kuhesabu upya. Ukikitoa usifungue nailoni hadi siku nzima ipite, kwa sababu jasho la baridi litatokea, na linatakiwa litokee nje ya nailoni, si kwenye kikapu. Hakuna dawa, hakuna harufu, na kikapu kinaweza kubeba mkate kesho yake. Sishauri hivyo kwa kitu kilichopakwa rangi au kilichopachikwa pembe na shaba, maana vitu hivyo havisinyai pamoja na mbao.

Wenye vinyago vya mpingo nawaomba jambo moja tu. Msiviweke chini ya kiyoyozi wala kwenye dirisha la jua. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini na unakauka polepole mno. Ukikaushwa nje kwa haraka wakati ndani bado haujakauka, unapasuka. Ufa ukitokea usiujaze gundi ngumu, kwa sababu masika ufa unataka kujifunga na gundi itausukuma upasuke upande mwingine.

Ninayo na ombi. Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert yalifunguliwa mwaka 1940, na kule Kijitonyama tuna Kijiji cha Makumbusho chenye nyumba za makabila na vyombo vyake. Naomba wanaohusika watutengee Jumamosi moja kila mwaka, Februari, kabla ya masika, mwananchi aje na kiti cha bibi yake au kikapu chake aonyeshwe namna ya kukitunza. Mimi nitakuja na patasi na gundi yangu, sitamtoza mtu. Nawajua mafundi wengine wa Keko watakaokuja. Nasema hivi kwa sababu mbao ninazozitengeneza upya hazipatikani tena kama zamani. Mwaka 2022 mninga na mkongo viliingizwa kwenye orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa. Msaji tunapanda Longuza na Mtibwa, paina tunapanda Sao Hill, lakini mninga bado tunautegemea kutoka msitu wa asili, na hadi ufae kupasuliwa mbao inapita miaka mingi kuliko umri wangu. Kabati lililopo tayari sebuleni, lililokwisha kukauka na kutulia, ukilitupa hutapata la kulilipa.

La mama wa Magomeni sikulikata miguu yote. Nilikata pale palipooza tu, kwa mshazari, nikaunga vipande vya mninga nilivyovitoa kwenye kitanda cha zamani, nikapitisha vigingi vya mbao, nikaziba chini kwa vanishi na kuvisha kandambili. Limerudi kwake Jumamosi. Mlango wa kulia bado unakwama, na alitaka niurande kabla guta halijaondoka. Nimemwomba tuonane Agosti.

Seremala, Keko,
Dar es Salaam